Oksijeni Haikumuua Marehemu

Majuzi kwenye hitima kule Kisauni nimelisikia tena: "Lau wasingemtia oksijeni, angekuwa nasi leo." Waliokaa mkekani wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaongeza kwamba mtu akishaonekana na ile mipira ya puani, jamaa waanze kutafuta sanda. Wafiwa walikuwa pale pale, nikanyamaza kwa heshima yao. Hapa sinyamazi, kwa sababu maneno haya yanaua watu mjini kwetu.

Sote tumeona mtu akiwekewa oksijeni akafa. Mbona hatuulizi alifikishwa hospitali katika hali gani? Kikohozi kikianza tunampa tangawizi. Homa ikipanda tunamfukiza kwa mwarobaini. Akishindwa kulala chali tunamwekea mito na kumsomea. Mpaka usiku anatapatapa, ndipo tuktuk inatafutwa. Oksijeni huwa ndiyo ya kwanza kuwekwa, na akifa alfajiri ndiyo ya kwanza kushtakiwa. Tunamlaumu mfua maji kwa chombo kilichokwisha kuzama nusu.

Mashine ya oksijeni inayoogopwa zaidi siku hizi ni ile inayovuma, hai-flo kama manesi wanavyoiita. Watu hawajui inafanya nini. Mtu mzima mwenye nimonia kali huvuta hewa kwa pupa, zaidi ya lita 30 kwa dakika. Kimpira cha kawaida cha puani humpa lita tano au sita. Zilizobaki anazivuta kutoka hewa ya wodini, yenye oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo ile aliyopewa inazimuliwa kabla haijafika mapafuni. Hai-flo hupeleka hadi lita 60 za hewa yenye oksijeni kwa dakika, imepashwa moto na kutiwa unyevu ili pua isikauke na makohozi yalainike. Ile kasi husafisha hewa chafu iliyotuama puani na kooni, na husaidia kidogo vifuko vya mapafu visifumbe. Na mgonjwa yu macho! Anaweza kuzungumza na wanawe, wengine hata hunywa uji. Ni mbali sana na kulazwa usingizi na kuingizwa mpira kooni.

Shangazi yangu aliwekewa katika hospitali moja hapa mjini. Hakuna aliyewaeleza binti zake chochote, wakaona mashine inanguruma, wakaanza kulia na kupigia ndugu simu waje kuaga. Mwenyewe alikuwa akiing'oa kwa sababu ya joto, na wodi yenyewe ilikuwa ya moto kama mnavyoijua Mombasa ya Machi. Nesi wa zamu ya usiku akapunguza joto la mashine kutoka nyuzi 37 hadi 34, akakaa kando ya kitanda, akamwambia, "Mama, vumilia, mdomo fumba, vutia puani." Akatulia. Alirudi nyumbani Majengo. Binti zake mpaka leo wanamuombea dua yule nesi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mashine hii haiponyi kila mtu. Utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji uliotolewa 2015, wenye wagonjwa 310, ulikuta waliofariki ndani ya siku 90 ni wachache zaidi kwa hai-flo, ingawa walioishia kuingizwa mpira kooni hawakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Wa Uingereza uliotolewa 2022, kwa wagonjwa wa korona, haukuona imeishinda oksijeni ya kawaida katika kuzuia mpira wa kooni au kifo. Na iko hatari moja ya kweli: mgonjwa anayezidiwa akiachwa humo kwa saa nyingi, akachelewa kupelekwa kwenye ventileta, ile mashine inayompumulia mtu kwa mpira wa kooni. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuhesabu pumzi zake na kutazama kiwango cha oksijeni kwenye damu, saa baada ya saa. Nesi mmoja kwa wodi nzima hawezi.

Kisha kuna gesi yenyewe. Mtungi mkubwa una lita 6,800 hivi. Kwa lita 60 za oksijeni tupu kwa dakika, haufiki saa mbili. Mgonjwa mmoja, mitungi 13 kwa siku. Anayetaka kuchangia hospitali mashine hizi aulize kwanza kuhusu mtambo wa oksijeni, mabomba na jenereta.

Madaktari nao nina neno nao. Mnaingia, mnafunga mashine, mnatoka, na familia inabaki na uvumi wa barazani. Dakika mbili tu mngetwambia: mama yenu anachoka kupumua, hii itamsaidia, tutamwangalia hivi, na ikishindikana tutafanya hivi. Familia iliyoambiwa haimng'oi mgonjwa mipira usiku wala haitii sahihi ya kumrudisha nyumbani.

Na wewe mwenye mgonjwa ndani leo: mtazame kifua kwa dakika nzima, saa mkononi. Zikizidi pumzi 30, au hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, au midomo imegeuka rangi, mpeleke sasa hivi, usingoje kupambazuke. Wakitaka kumwekea oksijeni, waache wamwekee.