Mita Inaaminika Kuliko Mimi

Jamani, dereva wa pikapu ya dagaa ana mabosi wawili: tajiri, na ile mita ya kilomita kwenye dashibodi. Tajiri unaweza kumwelewesha. Mita ikishasema, imesema.

Mimi napakia magunia Mwaloni Kirumba, napeleka Sengerema na Geita. Zamani pale Kigongo tulikuwa tunapanda pantoni. Gari umezima, matairi yametulia, mnaelea mpaka Busisi na mita haina habari. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko ng'ambo. Raha tupu! Ila jioni tajiri kashika daftari: "Mbona safari ya Geita imerefuka?" Mzee, haijarefuka, ni ziwa limeanza kuhesabiwa.

Huyohuyo akafunga matairi makubwa, eti gari lionekane. Sasa mita haipimi barabara, inahesabu mizunguko. Tairi likizidi kwa asilimia 5, ukitembea kilomita 105 yenyewe inaandika 100. Zile 5 nimeziiba mimi. Mafuta yameisha, kilomita hazitoshi, basi nanyonya kwa mpira nauzia bodaboda!

Juzi ndiyo kebo inayotoka kwenye giaboksi ikakatika. Kwenye magari haya ya zamani kebo hiyohiyo inazungusha namba na kunyanyua mshale wa spidi, kwa hiyo vikafa vyote. Nashuka Buhongwa, magunia yanarukaruka nyuma, mshale umelala kwenye sifuri, trafiki mwenye tochi ananisimamisha: "Ulikuwa spidi ngapi?" Afande, kwa mujibu wa dashibodi, nimepaki.

Fundi wa Nyakato akasema kebo ni hela ndogo. Tajiri akakataa katakata. Namba zimeganda 14,206 na yeye anatafuta mteja, dalali keshaanza kuimba "mileji ndogo". Mileji ndogo ipi? Mita yenyewe ina tarakimu tano, ikifika 99,999 inaanza upya, na hii ilishaanza upya nikiwa kwenye usukani pale Igoma. Nilipiga honi kabisa.

Lakini daftari halijafutwa, ndugu zangu. Jana jioni kaja: "Leo umetembea kilomita ngapi?" Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akainama dirishani, akalinganisha na namba za asubuhi. Akahamia kwenye geji ya mafuta.

"Sasa haya mafuta yamekwenda wapi?"