Mama aliuliza tutakaa wapi jioni

Binamu yangu anayeishi Marekani alituma kwenye grupu la familia orodha ya hoteli kumi na mbili za Orlando, Florida. Kila moja ilikuwa na bei yake, picha ya bwawa la kuogelea na nyota. Tukabishana siku tatu. Mke wangu alitaka palipo karibu na mabustani ya michezo, binamu alitaka rahisi, wanawe walitaka lile bwawa lenye mteremko wa maji. Mama, ambaye kwa kawaida hutuma dua za Ijumaa na picha za waridi tu, akaacha sauti ya sekunde tisa: "Sasa wanangu, hiyo jioni tukirudi, tutakaa wapi?"

Binamu akamjibu kwa jina la hoteli. Mama akanyamaza, na sisi tukaona limekwisha.

Tulikuwa tisa na mtoto mchanga. Kutoka Lamu mimi, mke wangu, mama na shangazi. Upande wa pili binamu, mkewe, watoto watatu wakubwa, na yule mdogo wa miezi kumi na minne ambaye ndiye hasa aliyetutoa Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, maana mama hakuwa amemshika hata mara moja. Walt Disney World, yale mabustani ya michezo ya Orlando, ilikuwa kisingizio cha watoto. Sisi tulikwenda kuonana. Hilo lilipaswa kuongoza uchaguzi wa malazi tangu mwanzo, na halikuongoza.

Usiku wa kwanza na wa pili tulilala katika hoteli moja ya kawaida, vyumba vitatu. Hesabu ya binamu ilikuwa safi: chumba kimoja huchukua watu wanne, tisa wanaenea, pesa zinabaki. Tulikuwa tumeomba vyumba vinavyofunguana kwa mlango wa ndani. Tukapewa kimoja ghorofa ya pili, kimoja ya tano, kimoja ya sita. Jioni ile tulikula kila mtu kitandani mwake. Nilipogonga kwa mama na shangazi saa tatu usiku, niliwakuta wamekaa ukingoni mwa vitanda viwili wakitazamana, sanduku la piza juu ya meza ya televisheni, buibui bado hawajavua. Mama akaniambia, "Tumekuja mbali sana kukaa kama wagonjwa wa wodi." Mtoto yuko ghorofa ya tano, kalala.

Ndipo nilipoelewa sauti ya sekunde tisa.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Lamu anajua nyumba inavyowapanga watu bila kuwaambia. Unaingia kwa daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza mbili za kukalia, na mgeni asiye wa ndani huishia hapo na mambo yakaisha kwa heshima. Kisha tekani, kipito cha ndani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu zinazokitazama kiwanda, na mwisho ndani kabisa. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti haina ukarimu. Lakini nani anakaa vyumbani? Vyumbani watu hulala. Maisha yako kiwandani na misanani, huku mtu anachambua mchele na mwingine anasoma, na mtoto anapita mikono sita kabla hajalia. Hoteli ya kawaida imejengwa kinyume chake. Imekupa ndani, ikakunyima kiwanda. Nafasi ya kukaa pamoja ni ukumbi wa chini, na huko utamkalisha vipi mama yako aliyevua mtandio?

Kwa hiyo rai yangu, na sina haja ya kuizungushia maneno: familia ya watu zaidi ya sita isichukue vyumba. Ichukue kitu chenye sebule na jiko chini ya paa moja, hata kama kwa hilo siku zitapungua. Afadhali usiku nne mkiwa pamoja kuliko saba mkigongeana milango.

Na mkihesabu, msianze na vitanda. Vitanda vina dawa, godoro hutandikwa popote, na watoto wa kwetu wamezoea jamvi. Hesabuni vyoo. Watu tisa wanaoamka kutawadha kabla ya alfajiri, kisha wote wanataka kuoga ili wawahi basi la asubuhi, hao ukiwapa choo kimoja umewatafutia ugomvi kabla ya chai.

Siku ya tatu tulihamia Kidani Village, upande mmoja wa Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney yenye mbuga za wanyama chini ya madirisha, na hapa niseme ukweli, bahati ilitubeba. Nyumba zile za Disney zenye majiko zimo katika mpango wa wanachama walionunua pointi, yaani haki ya kulala humo kila mwaka, na mwanachama asiyezitumia mwaka huo huweza kumkodishia mtu mwingine. Mfanyakazi mwenza wa binamu alikuwa nazo. Kwa njia hiyo hulipi bei ya dirishani, ila ukishalipa, kurudishiwa pesa ni shida, basi asiyekuwa na uhakika wa viza asiiguse. (Tuliyolipa siyataji. Ami anasoma humu.) Nyumba ya vyumba viwili pale inaruhusiwa watu tisa, na mtoto aliye chini ya miaka mitatu anayelala kwenye kitanda chake cha wavu hahesabiwi. Tulienea kama funguo na kufuli. Vyoo vitatu, jiko kamili, mashine ya kufulia, sebule, na baraza ya nje.

Majina ya mahali pale ni kichekesho kwa Mswahili. Hoteli nzima ina pande mbili, Jambo House, iliyofunguliwa 2001, na Kidani, iliyofuata 2009. Mikahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Mbuga mojawapo wameiita Uzima. Shangazi alisoma vibao vyote kwa sauti kama mwalimu wa chuo, na alipofika kwenye Kidani akashika shingo yake, akauliza nani bi harusi. Kidani ina jambo moja la kujua kama mna mzee wa magoti: korido zake ni ndefu sana, na hapana punda wa kumpandisha. Tuliomba mapema nyumba iliyo karibu na ukumbi mkuu, tukapata.

Jioni ile mama aliingia jikoni. Iliki alikuwa nayo, ilisafiri kutoka Lamu ndani ya soksi. Binamu alileta nyama kutoka duka la halali mjini, tui la kopo likapatikana. Saa mbili usiku tulikuwa chini, kwenye zulia, shuka imetandikwa katikati, sinia hakuna ila trei ya kuokea, na mtoto amekalishwa mbele ya mama anapewa punje za wali moja moja. Mkubwa wa binamu, wa miaka kumi na nne, aliyekuwa hajatoa vile vidude masikioni tangu uwanja wa ndege, akauliza mwenyewe babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Mazungumzo yakafika saa sita.

Kuna waliokwisha kuniambia kwamba jiko la likizoni ni kazi ya wanawake kuhamishwa bara. Wana haki. Tulipanga zamu, mimi na binamu tuliosha vyombo na kupika kifungua kinywa, na mahamri yangu hayakuumuka. Lakini mama asingekubali kunyimwa lile jiko, na sikuona ubaya wa kumwachia.

Hapo kwenye baraza ndipo niliposhindwa kabisa na hoja yangu mwenyewe. Nyumba zinazotazama mbuga huuzwa ghali kuliko zinazotazama maegesho, nami nilipinga. Nilisema wanyama wanaonekana bure kutoka sehemu za wazi za hoteli, na ni kweli wanaonekana. Halafu alfajiri ya kwanza, baada ya kuswali, nikamkuta mama barazani na kikombe cha chai, na twiga wawili wamesimama chini yake wakila majani. Mama ana miaka sitini na minane, yote kaishi Kenya, na hajawahi kuona twiga kwa macho yake. Tsavo kwetu ni mbali kuliko Jeddah, kwa gharama na kwa mawazo. Akasema taratibu, "Ana kope kama za bi harusi." Akarudi pale kila asubuhi. Basi hilo la mandhari kila mtu aamue na mama yake.

Kwa asiye na bahati ya pointi, zipo njia nyingine. Hapo hapo Disney, Art of Animation na All-Star Music zina vyumba vya familia vya watu sita vyenye vyoo viwili, ila jiko lake ni la kupashia moto tu. Vibanda vya Fort Wilderness navyo ni vya watu sita. Mkizidi hapo, tazameni nyumba za kukodi za Kissimmee, jirani tu, zenye vyumba vitano, sita au zaidi na bwawa uani. Kwa pesa, hakuna kinachozishinda, na kama ningekuwa na watu kumi na wanne ningekwenda huko bila kufikiri. Gharama yake iko kwenye gari. Mtahitaji gari kubwa au magari mawili, mlipe maegesho kila siku, na mzee akichoka saa saba mchana mmoja wenu amrudishe na siku yake iishie hapo. Ukilala hoteli ya Disney, basi la bure linamrudisha shangazi, nanyi mnabaki.

Na nendeni mwisho wa Agosti kama likizo ya shule inaruhusu. Agosti haijafika katikati, shule za Florida zimeshafunguliwa, watu hupungua na bei hushuka. Joto litakuwa la kaskazi na mvua ya alasiri haikosi. Tena ni msimu wa vimbunga, kwa hiyo bima msiiache.

Nisisahau Harambe. Ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa 1998, kuna mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki ambao wabunifu wake waliuchora wakiitazama Lamu. Milango, mapaa, kuta za chokaa, vyote. Kuta zimefanywa makusudi zionekane zimechoka, plasta imebambuka, jiwe linachungulia. Mama akasimama, akapitisha kiganja ukutani kama anavyoupitisha ukuta wa kwetu akikagua unyevu. "Pesa zote hizi," akasema, "hawana mtu wa kuwapigia chokaa?" Watoto wa binamu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha yule wa miaka minane akamuuliza: nyumba ya Lamu iko hivi kweli?

Agosti ijayo wanakuja kuiangalia, pamoja na wakwe, watu kumi na mmoja. Juzi binamu akatuma kwenye grupu orodha ya hoteli za Shela, kijiji cha pale pale kisiwani kwetu, na bei, na picha za mabwawa. Mama hajaijibu. Nilipopita kwake jana nilikuta magodoro manne yameanikwa juu darini, na fundi wa chokaa yuko kiwandani anakunywa kahawa.