Mbeba boksi nimepewa boksi

Jumanne mwanangu amerudi kutoka shule, huku Marekani tunakoishi, na karatasi ya tatu tangu mwezi uliopita. Ya kwanza ilitaka ruhusa yangu apigwe picha pamoja na wenzake. Ya pili iliuliza kama karanga zinamdhuru, maana kuna mtoto darasani anatimiza miaka saba na mama yake ataleta keki. Hii ya tatu ni ya safari ya shamba la maboga, dakika ishirini kwa basi. Nisaini hapa, nisaini na pale chini, niandike na namba ya mtu mwingine endapo mimi sipatikani. Maboga! Mtoto wa Tanga anaombewa ruhusa ya maandishi akaangalie maboga.

Nikacheka peke yangu, nikaibandika kwenye friji, nikaenda zamu ya usiku. Nalea wazee, mnajua kazi zetu. Kwenye saa nane, wazee wote wamelala, mama mmoja tunayefanya naye kazi akaniletea boksi bapa la rangi nyekundu na kijani, akalikunja pale mezani mpaka likasimama. Macho yanamng'aa. "Hili linakwenda kwa watoto wa kwenu," akasema. "Nimekuchukulia moja ujaze mwenyewe. Wewe utajua wanachopenda."

Huko nyumbani mnatuita wabeba boksi, sisi tuliokuja majuu kufanya kazi za mikono. Haya, nimepewa lenyewe.

Sitaki mtu amseme vibaya yule mama. Ni mtu mwema, ananishikia zamu mwanangu akiugua, na hayo maboksi anajaza matano kila mwaka kwa mshahara ambao naujua kwa sababu ni sawa na wangu. Nikapokea, nikasema asante. Wakati wa mapumziko nikakaa na simu nisome hilo boksi linakwenda wapi na linafuatana na nini.

Mradi wenyewe unaitwa Operation Christmas Child. Ulianzia Wales mwaka 1990, kupeleka zawadi kwa watoto wa Romania. Mwaka 1993 ukaingia chini ya Samaritan's Purse, shirika linaloongozwa na mhubiri Franklin Graham, makao yake Boone, humuhumu North Carolina ninamoishi. Tangu hapo yamegawiwa maboksi zaidi ya milioni 200. Unachagua mvulana au msichana, unachagua umri: 2 mpaka 4, 5 mpaka 9, au 10 mpaka 14. Unatia mpira, daftari, penseli, sabuni, kamba ya kuruka. Chokoleti hairuhusiwi. Dawa ya meno hairuhusiwi, mambo ya forodha. Bastola ya kuchezea hairuhusiwi. Chochote cha majimaji kinachoweza kumwagika, usitie.

Likishafika, makanisa ya huko ndiyo yanayogawa. Kuna mahubiri mafupi, na pamoja na boksi mtoto anapewa kijitabu cha Injili kwa lugha yake. Kisha anaalikwa kwenye mafunzo ya masomo 12 ya kumfanya mfuasi wa Yesu na yeye awahubirie wenzake. Akimaliza kuna mahafali na cheti. Hawafichi, wameandika wazi kabisa na wanajivunia. Wanasema pia zawadi haina masharti, hata asiyetaka mafunzo anaondoka na boksi lake. Sawa, naamini hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Nilichokitafuta mpaka mapumziko yakaisha ni karatasi ya ruhusa kama ile ya kwenye friji. Kwenye maelezo niliyosoma, dawa ya meno imefikiriwa. Forodha imefikiriwa. Mama wa mtoto wa miaka sita anayepewa boksi anasaini wapi?

Najua sasa hivi kuna mtu keshaanza kuandika: "Huyu kafika majuu kajiona Mzungu." Mwingine: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Na mwingine ataniuliza kama nimesilimu. Nianze na wewe. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, nimebatizwa, nimepata kipaimara, kwaya nimeimba mpaka sauti ikakauka. Ila bibi mzaa baba alikuwa Mwislamu, na mashangazi zangu wote ni Waislamu, kama zilivyo familia nyingi za Kisambaa zilizoteremka Tanga mjini. Kwetu Idd na Krismasi zote zilikuwa zetu. Pilau ya Idd ilivuka ua ikaja kwetu, sahani imefunikwa na sahani, na Krismasi mama alirudisha sahani zilezile na vitu juu yake. Kuku anachinjwa na ndugu Mwislamu ili kila mtu ale. Sijawahi kuinua sahani ya juu nikakuta karatasi inaniuliza nikifa leo nakwenda wapi.

Sasa nikupe kisa changu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Walikuja wageni mtaani, wa kutoka nje, na magari mawili, wakatandika turubai uwanjani. Shirika gani sina haja ya kulisema, na sikumbuki vizuri. Watoto tulikaa chini kwa mistari. Tukaimbishwa, tukahadithiwa, kisha mkalimani akauliza nani anataka kumpokea Yesu moyoni mwake leo, ainue mkono. Mifuko ya zawadi iko pale mbele yetu, tunaiona, kamba za rangirangi zinachungulia. Nani hatainua? Mtoto wa shangazi yangu, miaka saba, ametoka madrasa na mtandio wake kichwani, aliinua mikono miwili. Alidhani anayeinua miwili anapata mbili.

Alipata moja, kamba ya plastiki ya waridi yenye vishikio vyeupe. Akapewa na daftari dogo lenye jina lake, na tarehe ya siku hiyo, siku aliyookoka.

Bibi hakuwa na makelele. Alilisoma lile daftari polepole, maana Kiswahili cha herufi hizi za Kizungu alijifunzia ukubwani kwenye madarasa ya ngumbaru, kisha akamuuliza mjukuu wake, "Ulipoinua mkono, uliitikia nini?"

"Kamba."

Kesho yake bibi alifunga khanga, akaenda mwenyewe kurudisha kamba na daftari. Jioni akakaa barazani akasokota kamba ya mkonge, Tanga tena, mkonge hatuukosi. Tukaruka nayo. Kali ile! Ikikupiga muundi wa mguu inaacha mstari, na viganja vilitoka malengelenge. Mtoto wa shangazi alilia wiki nzima.

Kisa hicho sikukiweka moyoni kama jeraha. Nilikuwa nakisimulia kama kichekesho, hasa ile mikono miwili. Nimekuja kukiona vingine huku, kwa sababu ya hizi karatasi.

Maana huku hakuna anayemgusa mtoto bila mzazi kujua. Tangu mwaka 1962 Mahakama ya Juu yao ilikataza shule za serikali kuwaongoza watoto katika sala. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo ikaruhusu klabu ya Biblia itumie jengo la shule baada ya masomo, na kwenye kesi ile watoto walikuwa wanahudhuria kwa ruhusa ya wazazi wao. Umeona? Hata Yesu huku anapitia karatasi ya ruhusa. Mwaka 2020, korona imepamba moto New York, Samaritan's Purse haohao wakapiga hospitali ya mahema Central Park, vitanda 68. Watu walikuwa wanakufa, na bado wakazi na viongozi wa jiji waliuliza: hawa wanaowataka wafanyakazi wao wasaini tamko la imani, watamhudumia kila mtu sawa? Meya akasema atatuma watu wa kuangalia. Shirika likajibu kwamba linamtibu yeyote, na likatibu. Sikusikia aliyewaambia watu wa New York kwamba hawana shukrani.

Sisi tukiuliza ndiyo tunaambiwa tunauma mkono unaotulisha.

Hapa ndipo nyumbani panaponichosha, na msinikasirikie, napasema kwa kuwa ni pangu. Kwetu mzazi anaitwa shuleni kwa mambo mawili: mtoto kakosa, au mchango. Akija mgeni na gari lenye nembo mlangoni, geti linafunguliwa kabla hajapiga honi. Watoto wanatolewa darasani, wanaimba, wanapiga makofi yale ya kilo, wanapigwa picha, na picha inazunguka dunia nzima bila mama hata mmoja kuulizwa. Mwalimu mkuu nitamlaumu vipi? Ana watoto tisini na madawati unayajua. Mwenyekiti wa mtaa naye anataka atokee pembeni ya picha. Tumezoea kiasi kwamba anayeuliza ndiye anayeonekana mkorofi.

"Lakini mission ndizo zilizotusomesha." Kweli, mimi mwenyewe ni zao lao. Na wazee wetu wanajua bei ilikuwa gani. Nenda Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakawanunua watoto sokoni kuwatoa utumwani, wakawalea Kikristo kijijini kwa mission. Walimwokoa mtoto kweli, na papo hapo wakamchagulia dini, naye hakuwa na pengine pa kwenda. Mambo yote mawili yalitokea, sitaki kuambiwa nichague moja. Nyerere, maana najua utanitajia Nyerere, alibatizwa mwaka 1943 akiwa na miaka 21. Alisoma, akafikiri, akaamua. Huyo ndiye ninayemtaka. Mhubirie mtu mzima mpaka asubuhi, mpe Biblia, bishana naye kijiweni, mimi simo. Mwenye miaka sita anayeangalia kamba ya waridi hajahubiriwa, ametegwa.

"Mbona wa upande wa pili huwasemi?" Nawasema. Tende za Ramadhani zinazogawiwa na kamera mbele. Kisima kinachochimbwa na kibao chenye jina la mfadhili kikubwa kuliko bomba. Mtoto aliyefiwa na baba anayepelekwa chuo cha dini asiyozaliwa nayo kwa kuwa ndiko kwenye chakula, nalo ni lilelile, na mama yake Mkristo ana haki ileile ya bibi yangu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 14, unataka nchi ziheshimu haki na wajibu wa mzazi wa kumwongoza mtoto katika mambo ya imani, kadiri mtoto anavyokua. Tanzania tuliuridhia mwaka 1991. Marekani, wenye karatasi zao za maboga, mpaka leo hawajauridhia. Dunia ina vituko.

Na mashirika ya misaada yenyewe, pamoja na Msalaba Mwekundu, yalishaandika mwaka 1994 kwenye kanuni zao za kazi za maafa kwamba msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini fulani. Mengi ya Kikristo yamesaini na yanafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

Kuna jambo lililonikera zaidi, nikajiona mbaya kwa kukereka. Huyuhuyu Franklin Graham, mwaka 2001, aliuita Uislamu dini ovu kwenye televisheni. Dini ya bibi yangu. Halafu boksi liende kwa mjukuu wa bibi huyo, pale Ngamiani, Tanga, na anayelijaza niwe mimi.

Nilimrudishia yule mama boksi lake, kwa adabu. Nikamwambia tu, shule ya mwanangu inataka saini yangu kwa ajili ya maboga. Akanitazama. "Lakini ni zawadi," akasema. Nikamwambia najua. Tukaenda kumgeuza mzee wa chumba cha nne, maana muda wake wa kugeuzwa ulikuwa umefika, na hatukulizungumza tena. Sijui kama amenielewa au ananiona sina shukrani. Zamu ya Ijumaa alinishikia kama kawaida.

Asubuhi nikampigia mtoto wa shangazi. Siku hizi ana watoto watatu, wawili wako madrasa, mmoja bado mdogo. Nikamsimulia yote, nikitegemea aniunge mkono, maana kesi ni yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "mimi bibi alinionea."

Nikanyamaza.

"Lile daftari angelichana tu, tungeishia hapo. Kamba yangu kwa nini airudishe? Ilikuwa na kosa gani? Mpaka leo nikiona rangi ile naikumbuka." Akacheka, halafu hakucheka. "Na wewe kama boksi ulipewa bure, si ungelijaza ukalituma huku? Unajua daftari zimefika bei gani?"

Kuna mtu anakwenda nyumbani mwezi ujao, ameniachia kilo nne kwenye mzigo wake. Nimetia daftari, penseli, chokoleti, na dawa ya meno kwa makusudi. Na kamba tatu za kuruka, za plastiki. Rangi ya waridi nimeitafuta maduka mawili, nikaipata moja tu. Hiyo nimeiandika jina la mama yao.