Kolam: Furaha ya Alfajiri au Kazi Juu ya Kazi?

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, siku ya mama wa nyumbani huanzia kizingitini kabla ya kufika jikoni. Jua halijachomoza, yeye ameshafagia mbele ya mlango, amenyunyiza maji vumbi litulie, kisha anainama na kuchora chini kwa unga wa mchele. Mchoro huo ndio kolam. Ikifika saa sita mchana umekwisha kukanyagwa na wapita njia na magurudumu ya baiskeli, na unga uliosalia umebebwa na sisimizi. Kesho yake anachora mwingine. Wengi wamefanya hivyo tangu utotoni hadi uzeeni, na mama zao walifanya vivyo hivyo.

Kuhusu desturi hii kuna mabishano ya kweli. Upande mmoja unasema kolam ndiyo nafasi ya mwanamke ya kubuni, kuwaza na kujieleza, sanaa ambayo hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu kuifanya. Upande wa pili unasema ni kazi nyingine aliyobebeshwa mtu ambaye tayari ana kazi nyingi, ikapambwa kwa maneno matamu ya utamaduni ili asilalamike. Naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila haya mawili hayakai mahali pamoja, na mjadala huvurugika kila yanapochanganywa.

Tuanze na mchoro wenyewe, maana wanaoudharau mara nyingi hawajatazama unavyochorwa. Mwanamke huchota unga kiganjani, akaubana kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, halafu akauachia udondoke kwa mstari mwembamba. Vidole havigusi ardhi. Kwanza huweka nukta: moja, chini yake tatu, kisha tano, kisha tatu, kisha moja. Baada ya hapo, katika ile aina ya mafundo, mstari huanza kuzunguka nukta hizo, ukapinda, ukajikata wenyewe, ukapita upande wa pili, na mwisho ni lazima urudi pale ulipoanzia. Hakuna nukta inayoruhusiwa kubaki nje. Kuna michoro ambayo umbo zima, hata likiwa na upana wa mlango, ni mstari mmoja usiokatika. Akikosea kona moja katikati, hana kifutio. Atafagia na kuanza upya, au atabuni papo hapo njia ya kulirekebisha kosa bila jicho la mpita njia kugundua. Na yote hayo anayafanya kwa kumbukumbu, kwenye mwanga hafifu.

Hiyo ni hesabu, na wenye fani yao wamelikubali hilo. Mwaka 1974 Gift Siromoney, Rani Siromoney na Kamala Krithivasan, watafiti wa Chennai, mji mkuu wa jimbo hilo (wakati huo Madras), walichapisha makala iliyotumia kolam kujenga kanuni za lugha za kompyuta zinazozalisha picha. Waligundua kwamba michoro mingi ina ukoo: umbo dogo hukuzwa kwa utaratibu maalumu hadi likawa kubwa, na lile kubwa likawa kubwa zaidi, kama ule ukoo uitwao njuga za Krishna, mungu wa Kihindu. Akina mama waliokuwa wakikuza maumbo hayo vizingitini, wengi wao bila kusoma sana, walikuwa wakifuata kanuni ambazo sayansi ya kompyuta ilikuja kuziandika baadaye. Wawili kati ya watafiti hao watatu walikuwa wanawake, na sidhani kama hilo ni jambo la kupita tu. Mtu aliyekua akiiona kolam kila asubuhi ana sababu ya kuuliza swali ambalo mgeni asingeliuliza.

Kwa hiyo anaposema mwanamke wa Kitamil kwamba dakika zile za alfajiri ndizo anazowaza vizuri zaidi, namwamini. Jana aliona pindo la sari ya mtu kwenye basi, au mchoro mlangoni kwa jirani, akaubeba kichwani. Leo anaujaribu kwa nukta zake mwenyewe. Wengi huweka daftari la mifano, na daftari hilo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Ufikapo mwezi wa Margazhi, kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, michoro hukua hadi kuziba njia, na kijiji au mtaa mzima hugeuka maonyesho ambayo hakuna aliyekata tiketi. Katika siku iliyojaa mambo ya lazima, uchaguzi wa umbo ni wake peke yake. Mume hamwambii achore lipi, na mkwe anaweza kulikosoa lakini hawezi kulichora kwa niaba yake.

Hapo ndipo wakosoaji husimama na kuuliza: je, anaweza kuchagua kutochora?

Ni swali zito, na majibu ya kawaida ya watetezi hayalifikii. Utasikia wakisema kuinama asubuhi ni mazoezi mazuri ya kiuno, kuvuta hewa ya alfajiri ni afya, kufuata mstari ni kutuliza akili. Huenda yote ni kweli. Lakini mtu anayetaka mazoezi huamua siku na saa yake, na akiugua hukaa kitandani bila aibu. Kizingiti kitupu katika mtaa wa kimila hakinyamazi. Nyumba yenye msiba haichori, kwa hiyo mlango usio na kolam huwafanya majirani waulize nani amefariki. Kama hakuna aliyefariki, linalofuata ni kuuliza mke wa nyumba hiyo ni mwanamke wa namna gani. Sifa ya ukoo mzima imewekwa mlangoni, na mwenye kuibeba ni mmoja.

Halafu kuna saa zenyewe. Serikali ya India ilipofanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2019, wanawake wanaofanya kazi za nyumbani zisizolipwa walikuwa wakizitumia dakika 299 kwa siku, na wanaume wanaozifanya walitumia dakika 97. Tena hao ni wanaume wanaozifanya. Walikuwa kama robo tu ya wanaume wote, ilhali wanawake walikuwa wanne kati ya kila watano. Utafiti huo uliporudiwa mwaka 2024, wanawake walikuwa wameshuka hadi dakika 289, wanaume 88. Ukitoa, pengo ni karibu lilelile. Takwimu hizo ni za India nzima, hazikupimwa kizingitini Tamil Nadu, lakini zinaeleza asubuhi ambayo kolam imo ndani yake: kufagia, maji, kahawa, kifungua kinywa, vyakula vya watoto kwenda navyo shuleni, na mwenyewe kuwahi basi la kazini kama ameajiriwa.

Nikitazama hesabu hiyo, nakataa kumwambia mwanamke aliyechoka kwamba uchovu wake ni urithi wa kujivunia. Hata hivyo, angalieni pia kolam inachukua sehemu gani ya dakika 289. Ya kila siku, ile ndogo, mkono uliozoea huimaliza kwa muda mfupi sana. Mzigo mkubwa uko jikoni, kwenye ndoo za maji na kwenye nguo. Anayetaka kumpunguzia mwanamke mzigo, akaanza kwa kuondoa kolam na kuacha mengine yote, amemnyang'anya sehemu pekee ya asubuhi ambayo akili yake ilikuwa ikicheza, na kumwachia sufuria. Ndiyo maana stika za plastiki zinazobandikwa milangoni katika maghorofa ya Chennai hazinishawishi kama ukombozi. Zimeondoa ubunifu, na sharti la mlango kupambwa limebaki palepale.

Watetezi wana hoja nyingine iliyo bora kuliko ile ya mazoezi. Katika mila ya Kihindu mwenye nyumba ana deni la kuwalisha viumbe wengine kabla hajala yeye, na unga wa mchele unaomwagwa chini ni chakula cha sisimizi, ndege na kuchakulo. Vijaya Nagarajan, msomi mwenye asili ya Kitamil anayefundisha Chuo Kikuu cha San Francisco, ameichunguza kolam kwa miaka mingi na ameliweka jambo hili la kulisha katikati ya kazi yake. Mimi naiona ni fikra nzuri mno: kitu cha kwanza familia inachofanya kila siku ni kutoa. Lakini leo wengi wanatumia unga wa mawe, mweupe zaidi na wa bei nafuu, ambao sisimizi hawali. Anayeitetea kolam kwa hoja ya sisimizi ana wajibu wa kurudi kwenye mchele.

Kuna tukio moja lililobadilisha uzito wa mjadala. Desemba 2019 Bunge la India lilipitisha sheria ya uraia iliyowafungulia njia wahamiaji wa dini kadhaa kutoka Pakistani, Bangladesh na Afghanistan, na kuwaacha nje Waislamu. Maandamano yakaenea nchi nzima. Tarehe 29 Desemba, katikati ya Margazhi, wanawake kadhaa katika eneo la Besant Nagar, Chennai, walichora kolam barabarani zenye maneno ya kuipinga sheria hiyo. Polisi wakawakamata, kisha wakawaachia. Siku iliyofuata kolam za namna hiyohiyo zikaonekana nje ya nyumba za viongozi wa chama cha upinzani cha jimbo wakati huo, DMK, akiwemo M. K. Stalin, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo. Chombo kilichosemwa kuwa ni pambo la mama wa nyumbani kilionekana na dola kuwa ni kauli. Anayedai kolam humfunga mwanamke kizingitini inabidi ajibu hapo: kizingiti kinatazama barabarani, na wanaopita wanasoma.

Ila wakosoaji nao wana tukio lao, na hilo hutokea kila siku bila kufika magazetini. Katika nyumba nyingi za kimila mwanamke aliye kwenye hedhi hachori. Mjane naye, kwa desturi ya zamani ambayo haijaisha kila mahali, huwekwa kando, kwa sababu kolam huhesabiwa kuwa kazi ya mwenye baraka, na baraka ya mwanamke ilipimwa kwa kuwa na mume hai. Fikirini mtu aliyechora kwa miaka thelathini, mkono wake ukiwa umebeba maumbo mia, anaambiwa tangu leo kaa ndani. Kama kolam ni sanaa yake na fikra yake, kifo cha mume kinaichukuaje? Hapa watetezi hawana pa kujificha. Mtu hawezi kuisifu kama sauti ya mwanamke kisha akakubali izimwe kwa sababu hiyo.

Swali la wanaume nalitaja kwa ufupi tu, kwa kuwa jibu lake liko wazi. Hakuna kitu katika nukta na mistari kinachohitaji mkono wa kike. Kijana anaweza kufundishwa kama dada yake, na siku kaka anapochora zamu yake bila mtaa kushangaa, nusu ya hoja ya wakosoaji itakuwa imekwisha.

Kwetu Afrika Mashariki tunaijua zaidi rangoli ya Wagujarati, mchoro wa chini unaofanana na kolam, inayoonekana milangoni kwa Wahindi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala msimu wa Diwali. Hiyo ni ya sikukuu, na ndiyo maana mabishano haya hayaigusi sana. Ugumu wa kolam uko kwenye neno "kila siku".

Jambo linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni mabadiliko ya mjini. Katika mitaa mingi ya watu wenye uwezo huko Chennai, anayechora si mwenye nyumba tena. Ni mfanyakazi wa ndani, anayefika mapema, akafagia mlango, akanyunyiza maji, akachora, kisha akaingia kuosha vyombo. Baadaye huenda nyumba ya pili na ya tatu. Ameacha kizingiti chake mwenyewe gizani, au amekichora saa ambayo wengine bado wamelala. Majirani wanasifu mlango, na sifa inakwenda kwa mwenye mlango. Hapa hoja zote mbili zinakutana kwa mtu mmoja: yeye ndiye mwenye ustadi ambao watetezi wanausifu, na ndiye mwenye mzigo ambao wakosoaji wanauhesabu. Mchoro wake umechanganywa na kufagia katika mshahara uleule, kana kwamba kumwaga maji na kukumbuka mstari usiokatika wa nukta ishirini na tano ni kazi moja. Kama wapenzi wa kolam wanaamini kweli kuwa hii ni sanaa, waanze na huyo. Wamlipe uchoraji kama uchoraji, wamuulize leo amechagua umbo gani na kwa nini, na mgeni anaposimama mlangoni kusifu, wamtajie jina la aliyechora.