Hereni Si Fremu ya Picha

Vito vingi vinavyouzwa kwa jina la sanaa ya kisasa havina uhusiano na sanaa hiyo zaidi ya picha iliyobandikwa juu yake. Mtu huchukua mchoro wa Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, wenye mistari myeusi na miraba myekundu, ya buluu na ya njano, akaupunguza hadi ukaenea kwenye hereni, kisha akaufunika kwa plastiki inayong'aa. Wapo wanaozivaa zikawapendeza, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo, Mondrian alikuwa akipima uzito wa rangi dhidi ya nafasi nyeupe iliyoachwa wazi, na nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea mchoro unapobanwa kwenye kipande kisichozidi ukucha.

Kwangu mimi, kipimo halisi ni kazi ya Alexander Calder (1898–1976), Mmarekani anayefahamika zaidi kwa sanamu zake zinazoning'inia na kuyumba kwa upepo, ambaye pia alitengeneza kwa mkono vito vipatavyo 1,800. Hakunakili sanamu zake juu ya vito, bali alivitengeneza kwa namna ileile: alipinda waya wa shaba au wa fedha ukajizungusha kama gamba la konokono, akaugonga kwa nyundo mpaka ukawa bapa, na alipohitaji kuunganisha vipande, mara nyingi hakulehemu bali alivifunga kwa waya au kuvipigilia ribiti (vijisumari vya kubana metali). Alama za nyundo aliziacha zionekane. Mvaaji anapotembea, vipande hucheza, na mwili wake unashika nafasi ya upepo.

Oktoba 1942, Peggy Guggenheim, mkusanyaji wa sanaa kutoka Marekani, alipofungua jumba lake la sanaa New York, alivaa hereni moja ya Calder na nyingine ya mchoraji Yves Tanguy, ili asionekane kupendelea sanaa dhahania, isiyoiga vitu halisi, kama ya Calder, wala usurialisti, sanaa ya mambo ya kindoto, kama ya Tanguy. Ile ya Tanguy, nakiri, ilikuwa na picha; lakini Tanguy mwenyewe aliichora kwa ajili ya udogo ule, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kufinyaza mchoro wa mtu mwingine.

Hata hivyo, simtetei Calder kwa kila kitu. Baadhi ya mikufu na bruchi zake (pini za mapambo za nguoni) ni vikubwa mno, na kito kinachomlazimisha mvaaji kugeuza shingo kwa tahadhari jioni nzima kingefaa zaidi kutundikwa ukutani.