Je, Mandela aliiuza ardhi ya Waafrika Kusini?

Kwa vijana wengi wa Afrika Kusini jina la Nelson Mandela halina tena uzito ule tuliokua nao sisi. Wanasema mzee aliwauza: mwaka 1994 mtu mweusi alipewa kura, mzungu akabaki na mashamba, migodi na benki. Kwa Mtanzania shutuma hii inachoma. Wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Mandela, tuliwapokea Kongwa, wanafunzi wao wakasoma Mazimbu, Morogoro, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, na wengine wamezikwa hukohuko. Hata hivyo, kuchoma kwake si sababu ya kuipuuza.

Mtu wa kujiuza angejiuza mapema. Mwaka 1985 Rais P. W. Botha alimwahidi kumfungulia mlango wa gereza iwapo angeachana na mapambano ya silaha. Mandela, akiwa ameshakaa kifungoni zaidi ya miaka 20, alikataa, na jibu lake likasomwa na bintiye Zindzi mbele ya umati uwanjani Soweto. Alitoka miaka mitano baadaye bila kukubali sharti hilo.

Alipoketi kwenye meza ya mazungumzo na serikali ya wazungu, hakuketi kama mshindi wa vita. Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC lililoanzishwa mwaka 1961, halikuwa limekomboa hata wilaya moja. Muungano wa Kisovieti, uliowapa silaha na mafunzo, ulisambaratika mwaka 1991. Jeshi na polisi wa makaburu walikuwa bado na nguvu zote, na damu ilikuwa ikimwagika: Juni 1992 watu zaidi ya 40 waliuawa katika kitongoji cha Boipatong kwa usiku mmoja, na Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa wapiganaji aliyependwa sana na vijana, akauawa kwa risasi mlangoni kwake. Siku zile nchi ingeweza kuwaka. Mandela, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, ndiye aliyezungumza kwenye televisheni kuituliza, akikumbusha kwamba muuaji alikuwa mzungu, na mwanamke aliyesaidia akamatwe naye alikuwa mzungu. Hata wazo la kugawana madaraka na kulinda ajira za watumishi wa zamani lilitolewa na Joe Slovo, kiongozi mwenzake katika ANC na mkomunisti aliyekubuhu. Maafikiano yale yalikuwa ya chama kizima.

Mpaka hapo mimi niko upande wa mzee. Nashindwa kumtetea ninapofika kwenye ardhi.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwabana Waafrika, walio wengi kabisa, kwenye takriban asilimia 7 ya nchi yao. Mwaka 1936 sehemu hiyo ikapandishwa hadi kama asilimia 13. ANC iliingia madarakani ikiahidi kugawa upya asilimia 30 ya ardhi ya kilimo ndani ya miaka mitano. Mandela alipong'atuka mwaka 1999, hata asilimia 2 haikuwa imefika.

Wanaomtetea hunyoosha kidole kwenye Katiba. Wanasema kifungu cha 25 kinacholinda mali kilimfunga mikono, kwa kuwa ndicho wazungu walichodai ili wakubali kura. Ukikisoma kifungu chenyewe, unakuta kinaruhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kinataja wazi kwamba mageuzi ya ardhi ni manufaa ya umma, na kinataka fidia ya haki. Bei ya soko imewekwa kama jambo moja tu la kuangaliwa, pamoja na historia ya jinsi ardhi ilivyopatikana. Utaratibu wa kungoja mwenye shamba aridhie kuuza, tena kwa bei yake, haumo humo. Uliwekwa na sera ya ardhi ya mwaka 1997, iliyoandikwa na serikali ya Mandela mwenyewe.

Hoja ya "hakuwa na la kufanya" inavunjikia hapo. Mwaka 1993 alibanwa kweli. Mwaka 1997 alikuwa Rais mwenye ushindi wa zaidi ya asilimia 62 nyuma yake, na akachagua kutowatia hofu wawekezaji.

Nakiri kwamba serikali yake haikukaa bure. Wajawazito na watoto chini ya miaka sita walianza kutibiwa bila malipo, umeme ukafika mitaa iliyokaa gizani miaka yote. Lakini maridhiano yalimdai aliyeumizwa kuliko aliyefaidika. Mama aliyeuliwa mwanawe alikaa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi, akamsikiliza muuaji akiomba msamaha wa kisheria. Fidia ya randi 30,000 ilikuja baada ya miaka. Tume hiyo ilipozungumzia kuwatoza kodi maalumu walionufaika na ubaguzi, serikali haikuitika. Mandela alikuwa na haki ya kusamehe miaka yake 27. Shamba la babu wa mtu mwingine halikuwa lake kulisamehe.

Lawama hii haiishii kwake. Alikaa muhula mmoja tu, na waliomfuata walikuwa na kifungu kilekile na muda mrefu zaidi. Januari 2025 Rais Cyril Ramaphosa alisaini sheria inayoruhusu, katika mazingira fulani, ardhi kutwaliwa bila fidia, na haikubadilisha hata neno moja la kifungu cha 25. Katiba hiyo Mandela aliisaini Sharpeville, Desemba 1996. Katika miaka 28 iliyopita katikati, wazee wengi waliowasilisha madai ya ardhi zao wamezikwa wakiwa bado wanasubiri majibu.