Msikilizeni Syd Barrett wa kabla ya kuitwa chizi

Ukimtaja Syd Barrett mbele ya mtu anayefuatilia roki ya zamani, hamjafika mbali ashaanza kukusimulia, aah yule wa Pink Floyd, bendi ya Uingereza, aliyeharibiwa na dawa ya kulevya ya LSD, wenzake wakamwacha 1968, akarudi mji wa kwao Cambridge kuishi kwa mama yake, halafu siku moja Juni 1975 akaibukia studio za Abbey Road kanenepa, kanyoa mpaka nyusi, na wenzake hawamtambui. Yametokea kweli, sibishi. Ila mi imenichosha kuona mtu mzima na kipaji chake chote anageuzwa kuwa hadithi ya kutisha vijana, na muziki wenyewe watu hawausikilizi, wanausikiliza ugonjwa.

Kilichonifanya niandike hii ni nyimbo sita ambazo nimekuwa nazirudia wiki mbili sasa, zilirekodiwa mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965, yaani zaidi ya miaka miwili kabla ya albamu ya kwanza ya Pink Floyd. Mbili nilikuwa nazijua zamani, Lucy Leave na I'm a King Bee, zilikuwa zinazunguka kwenye kopi za magendo, sauti inakwaruza kama mahindi yanakaangwa. Zote sita zilitoka rasmi mwisho wa 2015 kwenye santuri mbili ndogo, nakala kama 1,050 tu, na hata hapo sio kwamba walikumbuka mashabiki, ni sheria ya Umoja wa Ulaya, rekodi ikikaa miaka 50 haijatolewa inapoteza ulinzi wa hakimiliki, basi kampuni zikawa zinakimbizana na kalenda. Sisi wengine tukazipata 2016 zilipoingia kwenye ule mkusanyiko mkubwa wa The Early Years. Sheria ya hakimiliki imefanya jambo jema bila kukusudia, na mi naishukuru.

Sasa picha ni hii. Syd ana miaka 18 kwenda 19, anasomea uchoraji chuo cha sanaa cha Camberwell, London. Roger Waters, Nick Mason na Rick Wright wamekutana wakisomea usanifu majengo. Rick ana rafiki anafanya kazi studio moja West Hampstead, anawaingiza bure muda ambao studio haina wateja. Na kuna mtu wa tano ambaye wengi hawamjui, Bob Klose, ndo mpiga solo. Sikia hiyo vizuri, Syd Barrett hapa ni mpiga rithim! Klose aliondoka baadaye 1965 na hapo ndo Syd akabaki na gitaa lote peke yake. Hata jina bendi ilikuwa bado inabadilisha badilisha, mara Tea Set, mara hili la Pink Floyd ambalo Syd alilipata kwa kuunganisha majina ya wazee wawili wa blues wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council.

Na blues ndo unayoisikia. Double O Bo kwa mfano, ni pigo la Bo Diddley, yule mpiga gitaa wa Marekani, limechanganywa na mambo ya James Bond. Lile pigo mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya rumba ya Kikongo atalishika bila kufundishwa, ni dada yake ile klave, lile pigo la vijiti, tatu halafu mbili, pa, pa, pa... pa-pa, na mi mara ya kwanza kulisikia kwa Syd mguu ulianza wenyewe kugonga sakafu. Halafu nikakumbuka Lucifer Sam ya 1967, ile kuhusu paka, ina gitaa linalonyata kama sinema ya majasusi, nikazipiga moja baada ya nyingine. Ni kijana yuleyule, na ule utundu wa jasusi ulishakuwemo 1965.

Hapo ndo nabishana na wale wanaosema LSD ndo ilimpa Syd nyimbo. Waandishi wa maisha yake wanasema alianza kuitumia kiangazi cha 1965, Cambridge. Hizi rekodi zimetangulia. Butterfly, wimbo wa kumnasa mtu kama unavyonasa kipepeo, tayari una ule mchezo wake wa maneno, ule wepesi wa kitoto ambao baadaye ulimpa sifa dunia nzima. Bado mbichi, sikatai, kwenye Remember Me anakaza koo mpaka unamwonea huruma, anataka kuwa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, na koo halitaki, na King Bee ni ya Slim Harpo, mwanablues wa Marekani, ambayo Rolling Stones walishairudia 1964 kwa hiyo unajua kabisa walikuwa wanamuiga nani. Lakini mbegu ni yake mwenyewe. Dawa haikumpa, kama ilifanya chochote ilimnyang'anya, na inaniuma watu wakiipa dawa sifa ya kazi ya mtoto wa watu.

Unaonipa shida ni Walk with Me Sydney. Aliutunga Waters, ni utani wa watu wawili, Juliette Gale, mke wa kwanza wa Rick, anaimba kumbembeleza Sydney watembee pamoja, na Syd anajibu kwa kutaja maradhi, miguu bapa, magoti, homa ya uti wa mgongo, mpaka ubongo uliokwisha. Mara ya kwanza nilisimamisha simu, mwili ulinisisimka, nikasema huu ni utabiri. Usiku wa pili nikausikiliza tena, safari hii nikasikiliza sauti yake tu. Anafurahi jamani. Anataja magonjwa kama mwanafunzi anayemwigiza mwalimu mgonjwa mbele ya darasa, unakaribia kumwona anajizuia asicheke. Hajui chochote kuhusu 1968, hajui chochote kuhusu zile nyusi, yuko studio ya bure na washkaji, wanafanya utani wa mshkaji mwenzao. Utabiri niliuleta mimi, kwenye wimbo haumo.

Alifariki Julai 2006 Cambridge kulekule alikozaliwa, ana miaka 60, alikuwa anachora na kutunza bustani, na mashabiki walikuwa wanamfuata mpaka mlangoni kumpiga picha. Walikuwa wanamtafuta yule wa hadithi.

Mkizitafuta anzeni na Lucy Leave, na muweke sauti juu. Anamwambia Lucy amwachie moyo wake, gitaa mbili zinasukumana, ya Klose safi imenyooka na ya Syd ina vurugu, inakwangua pembeni, na kuna mahali anatupia sauti yake kama aliyesahau kwamba anarekodiwa. Hapo ndo mi narudisha nyuma kila mara.